Mzee Aliyeonekana Mara Moja

Nakumbuka, mwanangu Neema, mtoto wa kaka yangu, Jumapili moja mjini Same, sebuleni kwa mjomba wangu. Watu walikuwa wamejaa hadi barazani, na viatu vyote vimeachwa mlangoni kwa sababu mjomba hakutaka zulia lake liguswe na vumbi. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, ila wengi wetu tulikuwa tunaziangalia tu, maana kahawa ya mlimani haikuwa na bei na mashamba ya mkonge yalikuwa yanapunguza watu kazini. Mjomba alikuwa dereva wa lori, na katika safari zake alijipatia televisheni na deki ya video. Mimi nilikuwa msichana wa umri wako, nakaa kwake, nafanya kazi ya jikoni kwenye mgahawa wa stendi.

Kila Jumapili tulikuwa tukirudia kuangalia tamthilia ya nje iliyorekodiwa kwenye kanda, ile ile uliyonionyesha wiki iliyopita. Unaijua: gazeti dogo katika nchi iliyojaa wanajeshi barabarani, na mhariri mwenye mvi anayekataa kunyamazishwa. Sisi Kiingereza hatukukijua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyetutafsiria, na mara nyingi hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko ya mhariri mwenyewe. Tulipiga makofi, na akina mama walifuta machozi kwa ncha za khanga. Aliyekaa mbele kuliko wote ni Zakaria, kijana aliyekuwa akipeleka habari za wilaya yetu kwenye gazeti moja jipya la Dar es Salaam. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa ndiyo kwanza yanachipuka.

Jumapili hiyo babu yako, yaani baba yangu, alikuwa ameshuka kutoka mlimani upande wa Suji kuniletea maharage. Mjomba akampisha kiti. Ikawa sehemu ile ambayo mzee mmoja anaingia ofisini kwa mhariri, kofia mkononi, anaeleza alichokiona kwa macho yake. Mhariri anampa mkono. Asubuhi gazeti linatoka, barabara zinafurika watu, na wakubwa wanaanza kutetemeka. Baba hakupepesa macho. Kanda ilipokwisha alisimama, yeye ambaye hata kanisani hakuwahi kunyoosha mkono, akamwambia Zakaria, "Kijana, na mimi nina neno."

Sebule nzima ilimpigia makofi. Hayo makofi nayasikia hadi leo, na sijawahi kuyasamehe.

Wewe umekulia Arusha, kwa hiyo nikueleze. Ndiva ni bwawa walilolichimba wazee wetu mlimani. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwenye mifereji, kila nyumba kwa zamu yake. Babu yako ndiye aliyeaminiwa kulifungua. Sasa viongozi wa kijiji walikuwa wamemruhusu mfanyabiashara mmoja kutandaza bomba kutoka kwenye ndiva yetu hadi shamba lake la vitunguu kule tambarare, karibu na Makanya. Mkutano haukuitishwa. Baba alikuwa akifungua asubuhi na kukuta bwawa nusu, na wajane ambao zamu zao zilikuwa mwishoni walipata matope. Alipouliza aliambiwa haya ndiyo maendeleo, anyamaze.

Zakaria alipanda mlimani, akala kwetu, akaandika. Aliandika vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Jina la baba aliliweka lote, na la ukoo, na la kitongoji. Gazeti lilipofika na basi, baba alishuka kusomewa, akalikunja akalitia mfukoni mwa koti, akapanda nalo kwa miguu.

Hapa nisikilize vizuri. Kwetu baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, likipigwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe, iwe ni kuzibua mfereji au kuziba ukuta wa ndiva. Hakuna anayeuliza aliyepiga ni nani. Asiyekuja hutozwa faini. Baba alikulia humo, na akaamini kwamba gazeti nalo ni baragumu, tena kubwa zaidi. Si alikuwa ameona kwa macho yake barabara zikifurika? Kesho yake alfajiri akachukua jembe, akaenda kukaa juu ya ukuta wa ndiva kuwasubiri watu waje wang'oe bomba.

Alikaa hapo hadi jua la utosi. Aliyekuja ni mwenyekiti wa kitongoji akiwa na mgambo, akamwambia kuanzia siku hiyo hatafungua maji tena. Akamuuliza ni nani aliyemtuma kupeleka mambo ya ndiva kwa watu wa tambarare.

Nilidhani wale wa sebuleni watasema kitu. Nilimfuata Mwalimu, akaniambia yeye ni mtumishi wa serikali, nimwelewe. Mjomba alisema lori lina leseni na leseni inatoka kwa wakubwa. Majirani walinipa pole kwa sauti ya chini. Jumapili iliyofuata wote walirudi, wakavua viatu mlangoni, wakamlilia mhariri kama kawaida yao. Mimi niliwapelekea chai, nikarudi kukaa jikoni.

Zamu yetu ya maji iliwekwa ya mwisho, baada ya wajane. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa magoti. Lakini njaa haikuwa ndiyo iliyomvunja babu yako, maana njaa alikuwa anaijua. Mwaka uleule ukuta wa ndiva ulipasuka, baragumu likapigwa. Nilikuwa nimepanda kuwaona wazazi, kwa hiyo nilimfuata nyuma. Alifika na jembe lake begani, akasalimia. Pale walikuwepo wanaume aliotahiriwa nao. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe rudi nyumbani. Hutatozwa faini."

Hakuna aliyeinua macho. Mwanangu, kwetu kuambiwa hutatozwa faini ni kuambiwa wewe si mtu wa hapa tena. Baba aligeuka, akarudi taratibu, akasimamisha jembe nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo, baragumu likilia, aliingia ndani na kujilaza akitazama ukutani. Alikufa hivyo, na bomba linapitisha maji hadi leo.

Na Zakaria? Aliitwa makao makuu Dar es Salaam, akapewa meza. Miaka ilipita, siku moja tukamsikia kwenye redio akisimulia alivyoanza kazi. Alisema ujasiri alijifunza kwa "mzee mmoja wa Upareni". Mzee mmoja. Jina lilipokuwa la kumchoma mtu alilichapa lote, na lilipokuwa la kumheshimu likampotea mdomoni. Mama yangu alizima redio. Alikuwa mpole kuliko sisi wote, lakini siku hiyo alisema, "Alikula makande yangu, akachukua maneno ya mume wangu. Hajarudi hata kuuliza kama mvua imenyesha."

Sasa unaelewa ni kwa nini wiki iliyopita nilisita ulipochomeka ile flashi kwenye televisheni, ukasema huko chuoni unakosomea uandishi wa habari mmeambiwa muiangalie. Nilikaa nawe. Mhariri bado ni hodari, na ile hotuba bado ni tamu hata bila Mwalimu. Lakini mimi nilikuwa namsubiri yule mzee. Akaingia, kofia mkononi. Akaongea, akapewa mkono, akatoka mlangoni. Nikasubiri arudi. Gazeti likatoka, watu wakajaa barabarani, mhariri akakumbatiwa na mke wake, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Hakurudi. Ujana wangu wote niliiangalia tamthilia ile na sikuwahi kuona kwamba harudi.

Nikakuuliza, yule mzee je? Ukafuta machozi uliyokuwa ukimlilia mhariri, ukanijibu, "Shangazi, yule ni chanzo cha habari tu."

Nilikwenda jikoni. Ulidhani nimekwenda kuangalia makande yasiungue. Sikukasirika nawe, hukujua. Hatukukuambia, kwa sababu baba yako anaona aibu hadi leo, na aibu hiyo si yake. Huyo chanzo tu alikuwa babu yako.

Jumatatu unashuka Makanya, umesema, kwa mafunzo yako ya gazetini, kuwahoji wanaochimba jasi kuhusu vumbi na vifua vyao. Sikukatazi. Nina uchungu, lakini najua kwamba bila Zakaria hakuna ambaye angeandika lolote. Nenda. Atatokea mama mmoja atakayekuamini kwa sababu ya uso wako na jinsi ulivyomwamkia. Kabla hajafungua mdomo, muulize ataishi na nani ukishaondoka. Ikiwa jina lake litamletea balaa, lifiche, hata bosi wako akinuna. Sifa zikija, umtafute, na akikubali umtaje, wewe ukae kando. Habari ikishatoka, usisubiri barabara zijae, hazijai. Panda gari urudi Makanya kabla hujakwenda popote pa kupongezwa. Kaa naye, kula anachokula, uliza kama mvua imenyesha. Ukikuta wenzake wamemfukuza, simama upande wake mahali wanapokuona wote. Haya ndiyo ninayojua kuhusu kazi yako, na yamenigharimu baba.

Lile jembe bado liko nyuma ya mlango kule Suji, mpini umeliwa na mchwa. Pita ulione. Mungu akulinde, mwanangu, akupe masikio ya kusikia na mkono usiotetemeka. Zaidi ya yote akupe miguu ya kurudi, kwa sababu babu yako alikufa akimsubiri mtu mmoja tu arudi.