Anayesimama Amemaliza

Darasa letu la chuo kikuu lilikuwa kubwa mno, lakini sikuwahi kuwaona wenzangu. Masomo yalitufikia kwa posta, kila mtu akasoma kwao peke yake. Mimi nilisomea Mtae, jikoni, kwa kibatari. Tulikutana siku ya mtihani wa mwisho, tumejazana katika ukumbi wa kanisa Lushoto: walimu, makarani, wauguzi, makatibu wa vijiji vya ujamaa. Nilipangiwa kiti cha ukutani. Nikaona siwezi kutoka bila kuinua safu nzima.

Baba alishasema nikifeli hanunui tena mafuta ya taa kwa ajili ya vitabu.

Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye mguu mbovu. Alitangaza, "Atakayesimama amemaliza. Nachukua karatasi yake."

Niseme ukweli: mimi siandiki, nakata. Sentensi isiponyooka naikata, naianza upya. Swali la mwisho, la kijiji kujitegemea, lilikuwa bado jeupe mzee alipochoka kuzunguka, akaja kuegemea ukuta kando yangu. Kiti cha ziada hakikuwepo. Alikuwa anahema.

Kwetu kijana hakai mzee akiwa amesimama. Hilo mama alinifundisha kwa kofi. Nilijaribu kuandika, herufi zikapinda. Nikakata, nikakata, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kila alipohema nilihisi ukumbi mzima unaniuliza ni binti wa nani. Mwisho mwili ukainuka wenyewe.

"Shikamoo, baba. Kaa hapa."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Hapana, baba. Nakupisha."

Akanyoosha mkono kwenye karatasi yangu. "Nilisema nini?"

Karani mmoja wa shamba la chai, aliyekaa mbele yangu, akageuka. "Mzee, huyo hajasimama! Amekupisha tu. Angebaki amekaa, si ungesema hana adabu?"

Watu wakacheka. "Wewe tazama mbele," mzee akamwambia. Akanitazama mimi, akatazama kiti. Kisha akakaa polepole, akaunyoosha ule mguu.

"Basi piga magoti uandike. Aliyepiga magoti hajasimama."

Niliandika hivyo, magoti kwenye saruji, yeye ameketi kwenye kiti changu, macho kwenye kalamu. Kila kalamu ilipotaka kurudi nyuma kukata, alikohoa. Sikuthubutu. Nikaziacha sentensi mbovu ziende zake, moja baada ya nyingine, mpaka nikaweka nukta.

Kengele ikalia, wote wakasimama. Mimi nikabaki chini, miguu imekufa ganzi.

"Dada, maliza basi," karani akasema. "Mzee anataka kwenda kwake."

Matokeo yalipofika, baba aliyasoma, akanirudishia. Jioni alirudi kutoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, akaiweka kando ya vitabu vyangu.