Kobe wa Wifi

Mama Upawa alikuwa mpishi mkuu wa jiko la shule. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuonekana bila upawa mkononi, hata siku ya mkutano wa wazazi. Alikuwa na mikono ya mtu aliyezoea kunyanyua masufuria, sauti ya kuvuka uwanja mzima, na fahari moja tu: hajatokea mtu aliyekataa chakula chake akaachwa aende zake. Mtoto mwenye homa alikula. Mtoto aliyenuna alikula. Mwalimu wa hesabu, aliyesingizia vidonda vya tumbo ili asile mchana, alifuatwa hadi ofisini na bakuli la supu, akalimaliza huku amesimamiwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wifi akija kutembea huonja vijiko viwili, husema, "Nimeshiba, asante," kisha hukaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hawakuwa maadui. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja, basi.

Kwa hiyo siku wifi alipobisha hodi amekumbatia beseni la kufulia lililofunikwa taulo, Mama Upawa alidhani ameletewa nguo kuukuu.

"Ni kobe," wifi alisema. "Wa marehemu mume wangu. Nyumba nimeshaiuza, wifi, nahamia kwa mwanangu. Anakaa ghorofa ya nne, huko hakuna hata udongo wa kujaza kikombe."

"Sasa huyu anakula nini?"

"Anakula tu mwenyewe. Hana usumbufu."

Wifi aliliweka beseni sakafuni, akaligusa lile gamba kwa kidole kimoja, akageuka upesi kuuliza ni saa ngapi. Mwanawe alikuwa anamsubiri garini. Hata maji ya kunywa hakutaka.

Mama Upawa alilifunua beseni. Ndani mlikuwa na kitu mfano wa jiwe la mtoni, duara, rangi ya kahawa iliyochujuka, kichwa ndani, miguu ndani, kila kitu ndani. Akacheka. "Karibu mgeni," akamwambia. "Hapa kwangu hutalala njaa."

Akamtengenezea makao kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko la nyumbani, juu ya saruji iliyofagiliwa ikang'aa, akamtandikia gunia. Akamwekea wali kwenye kisahani. Kobe hakutoa hata pua. Jioni akaja na mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Asubuhi akaukuta umevimba vilevile, na sisimizi ndio waliofaidi. Akachemsha viazi, akaponda. Akachemsha yai. Akakata karoti vipande vyembamba, akavipanga kwa mviringo kama anavyowapangia wageni wa shule. Kila alipoingia alimnyanyua mgeni wake, akamgeuza huku na huku, akamchungulia kwenye tundu la shingo, akambembeleza: "Kula basi, baba. Kidogo tu. Onja." Lile tundu lilizidi kujifumba.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, aliyefanyia kazi zake kwenye meza ya sebuleni na kioo kidogo jichoni. Alimsikia mkewe akiingia stoo na kutoka, akiingia na kutoka.

"Mwache apumzike," akasema bila kuinua kichwa.

"Apumzike na nini? Amefanya kazi gani?"

Ulikuwa msimu wa baridi. Mawingu yalikuwa yametanda kila kukicha na sakafu ya stoo ilikuwa baridi kama bati. Mama Upawa mwenyewe alivaa soksi mbilimbili, ila hakuwaza kwamba kobe naye anasikia baridi. Aliona amebeba nyumba yake mgongoni, atatetemeka vipi?

Wifi akapiga simu kuuliza hali.

"Hajambo kabisa," Mama Upawa akajibu, ulimi ukimteleza wenyewe. "Anakula mpaka nahofia sahani."

Upande wa pili wifi akacheka, kicheko ambacho Mama Upawa hakukumbuka kukisikia kabla. Alipokata simu alibaki ameshika tama. Sasa alikuwa na kobe asiyekula, na uongo juu yake.

Kazini mambo yalianza kwenda kombo. Alitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Msaidizi wake, mwanamke mwenye ushauri kwa kila jambo, alimwambia asijali, hao wanyama hukaa miezi bila kutia kitu mdomoni.

"Halafu?"

"Halafu ama wale, ama wasile."

Mama Upawa akamsukumia kisu na vitunguu vyote amenye yeye.

Siku moja alipomnyanyua kobe akahisi amepungua. Mizani hakuhitaji, mikono yake ilikuwa imepima magunia maisha yote, haikuweza kumdanganya. Kobe alikuwa mwepesi kuliko alivyokuja. Akamrudisha ndani ya beseni, akamfunika taulo lilelile, akaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa binti mwenye mabuti ya mpira na usingizi usoni. Alimtazama kobe macho na pua, akamfungua mdomo taratibu kwa kijiti, akasikiliza pumzi zake.

"Si mgonjwa, mama. Anaona baridi, na anaogopa. Mnamlisha nini?"

Mama Upawa akaanza kutaja. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye yai.

"Hivyo vyote mwache. Huyu ni wa majani. Nyasi, kwekwe, maua ambayo hayajapigwa dawa. Mtafutie mahali penye jua, udongo mkavu, na sanduku la kujificha lenye mlango. Asubuhi mwogeshe kwenye maji ya vuguvugu, yasimzidi kidevu. Halafu mama, usimnyanyuenyanyue. Hakujui bado. Kila ukimshika anadhani ndiyo mwisho wake."

"Nikishafanya hayo, nifanye nini tena?"

"Subiri."

"Nisubiri nini, daktari?"

"Aamue mwenyewe."

"Na asipoamua?"

Daktari alinawa mikono kwanza. "Utamrudisha hapa. Tutajaribu kumlisha kwa mrija. Ila ningependa tusifike huko."

Mama Upawa alirudi nyumbani. Akaondoa visahani na gunia vyote stoo. Mumewe alipasua upande wa sanduku la mbao, akalipiga msasa ili lisimkwaruze mgeni, wakaliweka uani kwenye kona inayopata jua linapopatikana. Wakatandaza nyasi kavu. Jioni sanduku liliingizwa jikoni karibu na jiko. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipasha maji na kuyajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kobe alikaa ndani ya maji akitoa macho madogo meusi yasiyosema kitu, kisha akarudishwa kwenye sanduku lake na kuachwa.

Kazi ikawa hapo kwenye kumwacha. Mwanamke huyu hakuwahi kufundishwa kuacha. Alipita uani akiangalia ukutani, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Aliweka majani na kuondoka, akarudi kuyachukua yamenyauka, akaweka mengine. Alipika chakula kingi mno nyumbani, mpaka mumewe akalegeza mkanda na kunyoosha mikono juu.

"Mke wangu, mimi nimekula. Mimi nakula kila siku. Usiyamalizie ya kobe kwangu."

Akaketi, akalia kidogo, akajifuta kwa aproni. "Atanifia mikononi," akasema. "Na dada yako ataona nimemuua."

Mumewe alivua kile kioo chake jichoni. Akasukuma simu mezani mpaka ikamfikia.

Wifi aliitikia mara ya kwanza tu ilipolia.

"Wifi, nilikudanganya," Mama Upawa akasema. "Kobe hali chakula. Tangu umlete hajala. Nimemtafutia daktari, nimemfanyia kila kitu. Niambie wewe ulikuwa unamlishaje, nifanye hivyohivyo."

"Kusema kweli wifi," sauti ikaja taratibu, "mimi sijawahi kumlisha. Alikuwa anazunguka bustanini, anakula anachokiona. Marehemu shemeji yako ndiye aliyekuwa anakaa naye. Anaketi tu pale kwenye kigoda, wanatazamana. Walichokuwa wanafanya sikijui. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwita atoke juani, basi."

Hata huko hapakuwa na dawa.

"Na bustani yangu?" wifi akauliza. "Hujapita kuona walionunua wameifanyaje?"

Alikuwa amepita. Alikuwa ameona lori la kokoto, na pale palipokuwa na bustani pamemwagwa saruji kwa ajili ya magari.

"Sijapata nafasi ya kupita," akasema.

"Ukipita, uniambie."

"Nitakuambia, wifi."

Baridi ilipungua kidogo kidogo. Jua likaanza kukaa uani hadi alasiri. Mama Upawa alirudi kazini siku moja akamkuta mumewe amesimama kwenye mlango wa nyuma, kidole mdomoni. Alipofika, kobe alikuwa ameshaingia ndani ya sanduku. Lakini chini ya ukuta, penye kwekwe zinazoota kwenye ufa wa mfereji, jani moja lilikuwa limeng'atwa upande mmoja, pengo dogo la mviringo.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Alikula vipi?"

Fundi saa alifikiri. "Polepole."

Mama Upawa aliinama kulitazama lile pengo mpaka kiuno kikamuuma. Yale majani hakuyapanda wala kuyachuma yeye. Alikuwa akiyang'oa kila mwaka na kuyatupa. Alimpigia wifi, na safari hii hakupiga chuku. "Ameng'ata jani moja," akamwambia. Wifi akashukuru kama aliyeletewa habari za mtoto kufaulu, akaanza kulia, na Mama Upawa akakaa na simu sikioni mpaka akamaliza.

Kobe alipona, kama kupona ni neno lake. Siku za jua huzunguka uani akitafuna kandokando ya ukuta, na siku hizi hakimbilii sanduku akisikia hatua. Chochote kinachotoka jikoni hapendi hata kukinusa. Mawingu yakitanda siku kadhaa huacha tena kula, bila taarifa, na hakuna anayeweza kumshauri. Mama Upawa humwekea majani, hurudi ndani, huosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Humwuliza mumewe kama kobe ametoka. Mumewe huchungulia dirishani na kumwambia bado.