Mtoto wa Mashineni

Leo wameleta unga wa kupikia watu waliokuja kwenye msiba wa mama. Umetoka kusagwa sasa hivi, bado una joto, na harufu yake imenirudisha Mabatini, kwenye mashine ya kusaga alikofanya kazi.

Mama alisaga mahindi huku mdogo wangu akiwa mgongoni kwake. Mashine ilinguruma hadi mabati yakatetemeka, na watu waliongea kwa kupiga kelele. Mdogo wangu alikwishaanza kutembea lakini hakuwa amesema neno. Kila mashine ilipozimwa, mama alimgeuza, akamsogezea uso na kumwambia polepole, "Sema mama." Mtoto alimtazama tu, kope zake nyeupe kwa unga.

Siku moja bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Buswelu kumchukua mtoto.

"Kelele hizi zitamfanya bubu," alisema. "Kwangu kumetulia."

"Atasemea hapa hapa, mama," mama alijibu. "Simtoi."

Bibi alimtoa mtoto mgongoni kwa mama. Alimfunga mgongoni kwake kwa kanga yake, akaelekea mlangoni. Foleni ya wanawake na ndoo zao za mahindi ilikuwa imeziba njia. Mama alizima mashine ili amfuate. Ndipo mtoto alipochungulia begani kwa bibi, akapaza sauti kama mama alivyowaambia wateja kutwa nzima:

"Togeza ndoo. Togeza."

Wanawake walicheka, lakini wakasogeza. Bibi alisimama pale mbele ya njia iliyofunguka, kisha akafungua kanga.

"Mchukue," alimwambia mama. "Huyu ameshaajiriwa."