Kichwa cha Treni Kilichoitwa Ndirangu

Harufu ya vumbi la mbao mbichi ikichanganyika na moshi wa dizeli hunifanya hadi leo nigeuke kutazama nyuma yangu. Ndiyo harufu ya kiwanda cha mbao kilichokuwa ng'ambo ya stesheni ya Kiganjo, miaka michache baada ya Uhuru, na ndiyo iliyotangulia kile kitu kabla hakijatokeza kwenye kona ya miti ya misipresi. Nakiita kitu kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mtu mzima aliyekubali kukiita kichwa cha treni. Vichwa vya treni tulivijua: vilitoka Sagana na Karatina vikipiga honi, vikapita kwenda Nanyuki bila kutusalimu. Hiki kiliundwa papo hapo kiwandani, nyuma ya banda la misumeno, na aliyekiunda alikuwa Karanja, mume wa mama yangu mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kucheka sana na kujisifu zaidi.

Alichukua mwili wa trekta kuukuu, injini ya lori lililopinduka na magurudumu ya behewa bovu, akaviunganisha kwa mnyororo mnene. Ili magurudumu yasiteleze kwenye reli, alijaza saruji na vipande vya vyuma katika sanduku la mbele kiwe kizito. Mvua ikinyesha, kibarua alitembea mbele yake akimwaga mchanga juu ya reli kwa kopo. Kazi yake ilikuwa kusukuma mabehewa ya mbao kutoka kiwandani hadi stesheni yakachukuliwe na treni kubwa, kazi ambayo zamani ilifanywa na wanaume kwa mabega yao. Kilikwenda polepole kuliko mama mwenye mzigo wa kuni, kikiyumba na kukohoa. Sisi watoto tulikipenda. Wakubwa walikitazama kwa shaka, jinsi walivyomtazama mtu aliyerudi kutoka kizuizini akiwa amenenepa.

Macho hayo yalikuwa na sababu. Tulikuwa tumetoka juzi tu kwenye vijiji vya hali ya hatari, tulikofungiwa na serikali ya wazungu wakati wa vita vya msituni, ambako jirani mmoja alishika bunduki ya serikali na mwingine akapeleka chakula msituni, na Uhuru ulipokuja wote wawili wakajikuta wanakunywa chai katika hoteli moja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Kila mtu alijijibu mwenyewe kimoyomoyo. Bingwa wa majibu hayo alikuwa nyanya yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Cucu. Ukimletea sukari, alijiuliza unataka nini. Mimi nililelewa naye, na ugonjwa huo haujanitoka.

Basi Karanja akakipaka chuma chake rangi ya kijani, na ubavuni akaandika kwa herufi kubwa nyeupe: NDIRANGU. Hilo lilikuwa jina la baba yake. Mzee huyo alipakiwa kwenye lori la askari wakati wa hali ya hatari na hakurudi, wala mwili, wala koti. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, na watu husema mzee amerudi. Mama mdogo Wangari alikuwa ameolewa muda mrefu bila mtoto, na rangi ile ilipakwa siku chache kabla hajagundua kwamba ana mimba. Cucu aliposikia, aliweka chini ungo wa maharagwe.

"Ati jina ya mtu amepatia chuma?" aliuliza. "Na huyu mtoto akikuja mwanaume, atakuta nani amekalia kiti yake?"

Hakungoja jibu. Alikwenda akamchukua Wangari, akamleta kwetu na masanduku yake, akatangaza kwamba hatarudi mpaka jina lile lifutwe. Kwa akili yake, jina likishakaliwa mtoto hukosa pa kukaa, na mtoto aliyekosa pa kukaa hurudi alikotoka. Mama mdogo hakubishana. Alikuwa amemngoja mtoto muda mrefu mno hata asithubutu kubishana. Usiku nilimsikia akilia chini ya blanketi, nami nikaogopa. Sokoni maneno yakavimba: chuma kinataka mtoto, Karanja amekula kiapo na injini yenye jina la maiti.

Jumapili moja Karanja akaja, bila kicheko chake.

"Mama, nirudishie bibi yangu."

"Futa kwanza hiyo jina."

"Serikali ya wazungu ilimfuta baba mara ya kwanza," akasema. "Mimi sitamfuta mara ya pili."

Akaondoka bila kunywa chai. Kwetu hilo ni zito kuliko tusi. Miezi ikapita hivyo, yeye akisukuma mabehewa yake kule bondeni, mkewe akisikiliza mlio wa ule mnyororo kutoka jikoni kwetu, tumbo likikua.

Mtoto alizaliwa salama, mwanaume, mwenye sauti. Karanja akaja mbio na grisi mikononi, na nyumba nzima ikasubiri vita. Alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Cucu.

"Huyu ni wa pili," alisema. "Wa kwanza yuko kwa reli. Na wa pili anaitwa baba ya mama yake. Anaitwa Wachira."

Wachira alikuwa marehemu babu yangu, mume wa Cucu. Nilitarajia ghadhabu. Badala yake Cucu alimpokea mtoto, akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee wetu, akamwita "mume wangu" huku machozi yakimtiririka. Jioni ileile mama mdogo alirudi kwake. Mtu aliyetikisa ukoo mzima kwa miezi alikubali kabla chai haijachemka! Hadi leo nashuku kwamba alilipigia hesabu jina hilo tangu siku ya ungo wa maharagwe.

Sasa naishi Nyeri mjini, nyuma ya mlango wa chuma, na jirani tunayegawana naye ukuta simjui jina. Nikimuuliza atajiuliza nataka nini. Kushukiana kumebaki, ila zamani tulishukiana kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake ni mwana wa nani. Kiwanda kilifungwa zamani, Karanja na Wangari wakafariki, na kile kichwa kikabaki kikiota kutu katikati ya magugu. Mwaka jana Wachira, mzee mwenye mvi sasa, alinipigia simu.

"Dada, watu wa skrepu wamekuja kukata kaka yangu."

Nilipofika walikuwa wameshamaliza sehemu kubwa, lakini alikuwa amewasihi wamkatie kile kipande cha ubavuni. Herufi zilisomeka bado. Tulikipeleka shambani, tukachimba kando ya kaburi la Karanja, tukakilaza pale. Mchungaji hatukumwita, tungemweleza nini? Mzee aliyepakiwa kwenye lori akiwa mzima alikuwa hatimaye na pa kulala, karibu na mwanawe. Nilirusha udongo, ukagonga bati, na mimi nisiyeamini kitu nikamlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona.