Barua Niliyoandika Bila Jina

Siku ambayo ningependa nirudishiwe niiishi upya, mwanangu, ni Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, hapa hapa Ibra, Omani, nilipoombwa niandike barua ya kumwondosha kocha wa timu yetu, nami nikajibu, "Leteni karatasi." Maneno mawili. Ningesema "hapana" lingekuwa moja, na ningejipunguzia kazi.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulikuja kwangu na simu mkononi, ukaniketisha nisikilize sauti za kundi lenu la washabiki. Nilisikiliza zote. Mmoja analia, mmoja anatukana, mmoja anatafuna huku anapanga safu ya ulinzi. Kisha ukaniambia kuwa mnataka kocha huyu wa sasa aondoke, na jina langu liwe la kwanza kwenye orodha kwa kuwa mimi ni mtu mzima wa mtaa. Nikawauliza wenzako humo humo kundini, kwa simu yako, kama mmeshazungumza naye, kisha nikakwambia nitakujibu. Jibu ni hili, na ni refu, kwa hiyo kaa.

Kwanza nikubali jambo moja, usije ukasema nimezeeka nimesahau mpira. Msimu ule timu yetu ilikuwa mbovu. Ubovu wa kutia uchungu. Tulikwenda Sur, mwendo wa saa mbili garini, tukafungwa manne. Tulikwenda Nizwa tukafungwa matatu, na moja tulijifunga wenyewe, beki wetu akaupiga kwa kichwa kizuri ambacho hajawahi kukipiga kwenye goli la mtu mwingine. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Izki kutia mafuta, na hapo wote wakasema kwa pamoja.

Kocha alikuwa Humud. Wewe unamjua kama mzee mwembamba anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi namjua tangu nina miaka kumi na tatu. Tulipohamia hapa kutoka Unguja, mimi Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea Kurani tu. Darasani nilikuwa kama jiwe. Humud, mzaliwa wa Ibra ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga Afrika, akanihurumia. Kila jioni alinikalisha kwao akanifunza kuandika, herufi baada ya herufi. Mimi nikamfunza Kiswahili, na matusi yake kidogo, Mungu anisamehe. Siku yangu ya kwanza kwao mama yake aliniuliza nataka kula nini, nikasema muhogo. Hawakujua muhogo ni nini. Tangu siku hiyo Humud aliniita Muhogo, mbele ya watu, mbele ya wake zetu, mbele ya wakubwa zangu kazini. Nilipopata kazi ya ukarani serikalini, niliipata kwa mwandiko ule alionifunza yeye.

Sasa barza yetu ya msimu ule. Tulikaa nje kwa Masoud, dereva mstaafu, viti vya plastiki vimepangwa ukutani, birika la kahawa na sahani ya tende katikati. Wengi wetu ni watu tuliorudi kutoka Afrika, tumesoma Kiswahili utotoni, na Kiarabu cha kusema tunacho lakini cha kuandika barua kwa wakubwa ni wachache wanakiweza. Mwenye barua ya ardhi, ya pasipoti, ya mtoto kuhamishwa skuli, alikuja kwangu. Nilizoea kuombwa. Nilipenda kuombwa, nikisema kweli.

"Yakhe, mabeki watano!" Masoud alisema siku ile, hata kahawa hajaimeza. "Tunacheza nyumbani, anaweka mabeki watano. Anamwogopa nani?"

"Anawaogopa wote."

"Na Khalfan yuko benchi anakula mbegu za alizeti."

"Mfungaji bora wa msimu uliopita, bwana! Leo kageuzwa mlinzi wa chupa za maji."

"Wallahi mimi ningekuwa Khalfan ningehamia timu nyingine kesho asubuhi."

"Weye ungekuwa Khalfan ungeanza kwa kupunguza tumbo hilo."

Tulicheka. Huo, mwanangu, ndio mpira. Mtu amefungwa, anakaa na wenzake, anasema ya kusema, hasira zinatoka, anakwenda kuswali magharibi. Laiti tungeishia hapo! Lakini Masoud akaweka kikombe chini.

"Maneno haya kila siku tunayasema," akasema. "Kahawa inakwisha, timu inafungwa. Yaandikwe yapelekwe kwa kamati. Nassor, wewe ndiye mwenye kalamu."

Mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama mimi si rafiki yake Humud. Na hapo ndipo nilipopaswa kusimama nijipanguse kanzu niondoke. Badala yake nikaona haya kuonekana kwamba naweka urafiki mbele ya timu. Nikasema, leteni karatasi.

Niliiandika usiku wa siku hiyo? Hapana, hata sikungoja. Niliiandika pale pale, kwenye goti, na kila nilipoandika niliwasomea nao wakanisifu. Na mimi nikisifiwa huwa naongeza. Masoud alisema kocha kalala. Mimi nikaandika kwamba amepuuza wajibu aliopewa. Mtu mmoja alitania kwamba labda Khalfan alisahau kumpa kocha salamu. Mimi nikaandika kwamba wachezaji wanachaguliwa kwa chuki za binafsi. Kwenye viti vya plastiki maneno yale yalikuwa upepo. Kwenye karatasi, kwa Kiarabu cha ofisini, yalikuwa mashtaka.

Wenzangu wakatia saini, mmoja mmoja. Karatasi ilipofika kwangu nikaikunja.

"Na wewe?" Masoud akauliza.

"Mimi mwandishi tu. Mwandishi hatii saini."

Nani kaniambia kwamba mwandishi hatii saini? Hakuna. Nililitunga pale pale, na wao wakaliamini kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya kazi ofisini.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Zuwena, nikitarajia aniunge mkono. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Humud hajui njia ya kuja hapa?" akauliza. "Ana kikombe chake kabatini mwangu. Si umwite, umwambie?"

"Mambo ya mpira huyajui wewe."

"Mpira siujui. Humud namjua."

Nikajifanya natafuta miwani.

Kamati iliita kikao kwenye sabla ya mtaa, ukumbi ule ule tunapopokea watu wa harusi na wa msiba. Nawe unaijua desturi ya huku: mtu akiingia anasalimia safu yote kwa mkono, anakaa, anaulizwa, "Shay ulum?", yaani kuna habari gani, naye lazima ajibu kwamba hakuna habari ila kheri, hata kama nyumba yake inaungua. Kahawa ikishazunguka ndipo habari yenyewe inapotoka. Humud akaingia, akatupa mkono sote, akaja akakaa ubavuni mwangu kama kawaida yake, akaniuliza kwa Kiswahili, "Muhogo, shay ulum?"

Nikamjibu, "Hakuna habari, ila kheri."

Nilimwambia hivyo, na barua niliyoiandika mimi iko mezani mbele yetu.

Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Niliposikia maneno yangu kwenye mdomo wa mtu mwingine nilitamani nizibe masikio. Yalikuwa makali kuliko nilivyoyakumbuka. Mwenyekiti akauliza kwa nini Khalfan hachezi. Humud akasema, "Hilo sina la kulisema." Akaulizwa tena, akajibu yale yale. Watu wakaanza kunung'unika. Kisha Humud akaomba aione barua.

Aliishika muda mrefu. Hakuwa anasoma, maana imeshasomwa. Alikuwa anatazama mwandiko. Zamani, tulipokuwa watoto, Humud alikuwa na namna yake ya kuandika herufi kafu, anaipinda mkia kurudi nyuma, na mwalimu alimchapa kwa ajili hiyo. Mimi niliyejifunza kwake niliichukua na mkia wake. Ibra nzima tulikuwa wawili tu wenye kafu ile.

Akairudisha mezani. "Barua nzuri," akamwambia mwenyekiti. "Haina kosa hata moja."

Halafu akasogea kwangu, akasema kwa Kiswahili, taratibu, wala hakuwa na hasira, "Kafu hii nilikufunza mimi."

Nilitazama zulia. Angalau ningesema, "Ndiyo, ni mimi, na haya ndiyo niliyoyaona kwenye timu." Ningekuwa mtu mwenye rai mbaya, lakini mtu. Humud akaondoshwa ukocha jioni ile, akatupa mkono sote tena, pamoja na mimi, akatoka.

Akaletwa kocha kutoka nje ya wilaya, kijana mwenye filimbi tatu. Mabeki akawapunguza, washambuliaji akaweka watatu kama tulivyotaka. Mechi ya kwanza, nyumbani, tukafungwa matano. Masoud akasema, "Angalau huyu anashambulia." Nilimtazama nisijue nicheke au nimmwagie kahawa. Mwisho wa msimu tukashuka daraja, tena kwa raha zetu, na barza ikaanza kumchambua huyo naye.

Miezi ikapita. Siku moja Khalfan akaja kwangu, amevaa sare mpya, amepata kazi jeshini. "Shikamoo, babu." Nikamwitikia. Alikuja kuaga, lakini akakaa tu, anazungusha kofia.

"Babu, nyinyi mlidhani kocha Humud ananichukia?"

"Watu walisema hivyo," nikajibu. Watu! Angalia ulimi wangu.

Akanieleza. Msimu ule goti lake lilikuwa limeumia, na daktari wa Maskati akamwambia asicheze nusu msimu, litapona lenyewe akilipumzisha. Wakati huo huo alikuwa ameshapeleka maombi ya jeshi. Aliogopa habari za goti zikizagaa mtaani zitamfikia mtu asiyepaswa kusikia kabla halijapona. Akamwomba kocha asimwambie mtu.

"Nilimwambia, kocha, nitaje, uwanyamazishe hao," akasema Khalfan. "Akakataa. Akasema watu wa kahawa watachoka kumtukana yeye, lakini mimi nikikosa kazi nitakosa maisha yangu yote. Wala mabeki watano hakuwapenda, babu. Hakuwa na mfungaji."

Basi maswali yetu yote yalikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyetembea hatua hizo kwenda kuuliza. Tulikwenda Sur na Nizwa kumtukana, lakini nyumba ya tatu ilikuwa mbali.

Nilikwenda kwake siku ile ile. Alinipokea vizuri. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia kuwa barua ni yangu, saini niliikimbia, na nimekuja kuomba radhi.

"Nimekusamehe, ustadhi Nassor," akasema.

Nilinywa, nikatikisa kikombe kuonyesha kuwa imetosha, nikatoka. Nilifika mlangoni kwangu ndipo nikatambua aliniitaje.

Sasa nije kwenu. Huyu kocha wenu ana makosa, nimeyaona, sijapofuka. Pigeni kelele uwanjani mpaka sauti zikauke. Tiketi ya mpira ni pamoja na kelele. Semeni kwenye barza, chekeni. Lakini kabla neno halijaandikwa likapelekwa kwa wakubwa, mmoja wenu avae viatu aende kwa yule mtu, amuulize usoni: kwa nini fulani hachezi? Akikataa kujibu, fikirini kwamba huenda anamsitiri mtu. Na likibaki la kuandika, liandikeni kwa maneno yale yale mnayoweza kumsomea yeye akiwa amekaa ubavuni mwenu, na kila aliyeshika kalamu aweke jina lake. Jina langu hamtalipata kwenye orodha hii. Si kwa kuwa nampenda kocha wenu. Kwa kuwa hakuna hata mmoja wenu aliyenijibu nilipouliza juzi kama mmeshazungumza naye.

Mungu akutunzie rafiki zako, mwanangu, akupe miguu ya kwenda kwao mapema, akuepushe na sifa za watu wakati umeshika kalamu. Na timu yetu nayo Mungu aitazame, maana sisi tumeshindwa.

Humud bado yu hai, ana afya, tunaswali safu moja. Kila siku tukitoka msikitini namuuliza, "Shay ulum?" Naye hujibu, "Hakuna habari, ustadhi Nassor, ila kheri," kisha anashika njia ya kwao bila kungoja kahawa. Kikombe chake kingali kabatini kwa Zuwena. Barua ile ilinigharimu rafiki wa zaidi ya miaka arubaini, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akiniita Muhogo.