Kitambaa cha Mtu wa Kesho

Shangazi yangu alishona mavazi ya maigizo miaka mingi, kwenye baraza ya nyumba yake pale mtaa wa West Indies mjini Eldoret, na siku tuliyomzika kwenye makaburi ya Kiplombe, aliyesoma wasifu wake alisema alikuwa fundi wa sare. Nilikuwa nimesimama karibu na kaburi na sikumsahihisha. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilisoma hadi darasa la nane, kisha nikakaa miguuni pake nikifumua mishono, na yote ninayojua ya kazi hii niliyapata hapo.

Wiki tatu baada ya mazishi, kikundi cha maigizo mjini kilimwalika dizaina wa mavazi kutoka Nairobi. Alizaliwa Burnt Forest, hapa jirani penye baridi kutuzidi, lakini alituuliza kama Eldoret huwa na baridi hivi kila siku. Alivaa skafu mbili, na miwani ya jua ndani ya ukumbi. Mimi niliitwa kumsaidia kwa sababu nilikuwa na cherehani, na sanduku la mavazi ya shangazi lilikuwa kwangu.

Alituketisha kwa mduara, sisi watu watano, akataka kila mmoja ataje wasanii na madizaina wanaomuinspaya. Neno hilo alilitamka polepole, kama mtu anayelamba kijiko. Mimi nilidhani mtu huwa na mwalimu, basi. Lakini wenzangu walikuwa tayari. Huyu akataja Mfaransa, yule Mjapani, mwingine mama fulani wa Marekani anayevisha waigizaji wa sinema. Wote walikuwa wamewaona kwenye simu, kazi ya maisha mazima ikiwa na upana wa kiganja. Hakuna aliyewahi kushika hata pindo moja la watu hao. Mmoja, ambaye mpaka leo hawezi kuweka zipu ikalala, alisema yeye na yule Mjapani wanafikiria sawa.

Zamu yangu ilipofika nikataja Mwitaliano. Jina lake nilikuwa nimelisoma asubuhi hiyo, na nikalitamka vibaya. Dizaina akanirekebisha. Nikamshukuru. Niliwadharau wote kwenye ule mduara, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza, maana wao hawakuwa na kaburi bichi walilokuwa wakiliruka.

Kisha dizaina akafungua sanduku. Juu kabisa lilikuwa joho la mfalme, ambalo shangazi alilikata kutoka kwa mapazia ya mtumba, mekundu ya kukolea. Lilikuwa limevaliwa na wafalme wanene na wembamba, Krismasi baada ya Krismasi. Siri yake ilikuwa ndani. Shangazi hakupunguza kitambaa kwenye mishono. Aliacha upana wa vidole vinne kila upande, akaukunja, akaushikiza kwa mkono, na akakiita kitambaa cha mtu wa kesho. Mvaaji akibadilika, unafumua na kushona upya mbele kidogo.

Dizaina aligeuza joho nje ndani akacheka. "Huyu aliyeshona alikuwa anauza kwa kilo?"

"Hiyo ni blanketi, bosi," akasema yule wa zipu. "Imeota tu mikono."

"Ni nani alishona?" dizaina akaniuliza.

"Fundi fulani," nikasema.

"Ndiyo hiyo shida. Fundi anashona, dizaina anafikiria. Sista, toa hii takataka yote ya ndani. Nataka ianguke vizuri."

Mavazi mengine ya sandukuni yalikuwa ya cherehani, na cherehani haina mwandiko. Kwenye joho lile tu ndipo mkono wa shangazi ulikuwa umebaki. Nilijua hivyo nilipochukua mkasi, na nikakata. Vipande virefu vikaanguka sakafuni, vyekundu kama vya dukani, kwa sababu vilikuwa vimejificha jua miaka yote. Wenzangu walipokwenda kunywa chai nikaviokota nikavitia kwenye mfuko wa unga.

Siku mbili kabla ya onyesho, aliyekuwa mfalme akapata kazi kwingine. Nafasi yake ikachukuliwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa mwili. Joho likamkwama kwapani.

"Hii nguo naijua," akasema, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Nilikuwa mfalme nayo nikiwa darasa la sita. Mama yule wa West Indies ndiye alinivalisha. Si kuna kitambaa ndani? Aliniambia, hata ukirudi na tumbo, mfalme, nimekuwekea."

Dizaina akavuta skafu zake. "Acha ibane. Mfalme amebanwa na madaraka. Hiyo ni konsepti."

"Si madaraka, bosi," mwalimu akasema. "Ni kwapa."

Wote wakanitazama mimi.

"Kilikuwapo," nikasema. "Nilikikata mimi. Aliyeshona ni shangazi yangu, na ndiye aliyenifundisha. Yule Mwitaliano simjui."

"Poa, sista," dizaina akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nilivirudisha vipande vyote, kimoja baada ya kingine, kwa mkono, nikifuata urefu wa mishono ya shangazi ingawa yangu ni mikubwa na inapinda. Joho lilitoka na mistari myekundu mbavuni ambayo haikufanana na pazia lililobaki, lililopauka. Siku ya onyesho watu waliisifu mistari ile, na dizaina akawaeleza kwamba ni damu ya wanyonge. Kwenye karatasi ya onyesho waliyopewa wageni, mbele ya neno mavazi, palikuwa na jina lake peke yake. Yule wa zipu alimpigia makofi akiwa amesimama.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikimfunga mwalimu kamba ya shingoni kabla hajaingia. Alijipapasa mbavuni.

"Umeniachia kitambaa cha kesho?"

"Hakuna, mwalimu," nikamwambia. "Usinenepe."