Fisi wa Ploti ya Jirani

Mrusi yule nilimkuta katika kitabu kisicho na jalada, nilichokipata kwenye rundo la mitumba pale Kawangware. Alitunga hekaya za wanyama, kisha akapanda vyeo mpaka akawa waziri wa sheria. Kitabu kilisema alipopata madaraka makubwa, hekaya zikaadimika. Nilimwona mjinga. Mtu gani huacha silaha yake nyumbani siku anayoitwa vitani?

Mimi pia hutunga hekaya. Nilikuwa nikizisimulia kanisani Gatina baada ya ibada, na watu walizipenda hata wakaniita Mwalimu, kisha wakanichagua mzee wa nyumba kumi. Cheo hicho hakina mshahara wala ofisi, kina kelele tu. Nilikipokea kwa mikono miwili. Pale Mrusi aliponyamaza, mimi ningeamua kesi kwa hekaya.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya choo. Ploti yetu ina choo kimoja chini na kingine ghorofa ya tatu. Landilodi, ambaye ukoo wake umemiliki ardhi hapa tangu zamani, alikitia kufuli kile cha chini kiwe cha wateja wa bucha yake. Jirani yangu, mama mjane aliyetoka mkoa wa Magharibi, anaishi chini na mguu wake mmoja umelegea tangu apate kiharusi. Kila akibanwa ilimbidi apande ngazi akishikilia ukuta, na mara nyingine hakufika. Aliniambia hayo akitazama pembeni, akaniomba nimsemee.

Nikaitisha kikao uani. Nikasimulia habari za fisi aliyezungushia kisima miiba ili wanywe wageni wake peke yao, na kobe mzee aliyelazimika kupanda mlima kutafuta maji, mpaka simba alipoamuru miiba iondolewe. Ua mzima ulicheka. Landilodi alicheka kuliko wote, akajipangusa machozi, akanishika mkono.

"Mwalimu, huyo fisi namjua," akasema. "Si ni yule wa ploti ya jirani? Huyo jamaa ni mbaya sana."

Na wapangaji nao, kila mmoja alikuwa na fisi wake. Wa juu walimtaja keateka, mtunzaji wa ploti; keateka akamtaja muuza maji. Tukaagana kwa vicheko, na kufuli ikabaki mlangoni.

Nilikasirika, lakini nikajidanganya kwamba hekaya haikuwa kali. Nikatunga nyingine, na safari hii fisi nikampa bucha. Bucha kabisa! Nikamvika na kofia ya landilodi. Asiyejua maana haambiwi maana, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nikimwambia mara ya pili. Huyo bwana aliipenda hata zaidi, akanialika kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, nikaisimulie mbele ya wakwe. Nikaenda nikitumaini wakwe watamng'amua na kumwaibisha. Wakwe walishika mbavu. Nilipoondoka nilifungiwa nyama ya mbuzi kwenye karatasi.

Nikaona nimpelekee yule mama nyama hiyo. Nilimkuta katikati ya ngazi, ameketi, leso aliyojifunga kiunoni imelowa na ameikunjakunja mapajani kuificha. Sikujua niangalie wapi. Nikampa nyama, akaiweka kando bila kuifungua.

"Mwalimu, kobe wako alifunguliwa kisima," akaniambia. "Mimi bado napanda."

Nilishuka ngazi zile kwa hasira, na siwezi kusema nilimkasirikia landilodi tu. Nilimkumbuka Mrusi wangu. Pengine hakuwa mjinga hata kidogo. Pengine alichoka kuona wakubwa wakicheka na kwenda zao.

Landilodi alikuwa buchani akikata mbavu. Sikuwa na mnyama hata mmoja mdomoni. Nilimweleza kwamba choo alichokifunga ndicho pekee ambacho yule mama angekifikia, na kwamba wakati ule tukiongea alikuwa ngazini, amelowa.

Akaliweka panga chini. Nilingoja aulize habari za mama. Badala yake alinitazama kama mtu aliyeibiwa na rafiki.

"Kwa hivyo siku hizo zote," akasema polepole, "fisi nilikuwa mimi?"

"Ni wewe," nikamjibu, nikanyoosha mkono. "Lete ufunguo."